Kiwanda kinapunguza watu Morogoro: tuwape mafunzo gani, na tuanzie wapi?

KatibuTawi_Moro

Wadau, habari za jioni.

Naomba mawazo ya wanaojua mambo haya. Kiwanda chetu cha nguo (jina naliacha) kimetoa taarifa ya nia ya kupunguza wafanyakazi. Oda za nje zimeshuka. Laini mbili za ushonaji zitafungwa, na idara ya kufuma itabaki na zamu moja badala ya tatu. Wanaoguswa ni kama 90. Washonaji wa laini ni karibu 60, wengi akina mama, na mafundi mitambo na umeme ni 12. Waliobaki ni wafumaji, wakaguzi wa ubora, wapakiaji na wabebaji. Mshahara wa msingi wa washonaji unazunguka 300,000.

Mashauriano yanaanza wiki ijayo. Uongozi uko tayari kuzungumzia mafunzo, lakini mpaka sasa walicholeta mezani ni semina ya ujasiriamali ya siku mbili. Wanachama wengine wanataka wapelekwe chuo cha ufundi cha VETA Kihonda, wengine wanasema wapewe fedha yao waondoke.

Maswali yangu: (1) Mafunzo tunayadai kwa hoja gani, maana sheria haimlazimishi mwajiri? (2) Mtu aliyeshona kiwandani miaka minane ana haja ya kusoma ushonaji tena? (3) Hela ya SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) ambayo kampuni inalipa kila mwezi haiwezi kutumika hapa? (4) Tutajuaje kozi ipi ina ajira mwishoni?

---

SheriaKazi

Katibu, kabla ya kozi angalia barua zitakazoandikwa, kwa sababu barua ikikosewa hata hayo mafunzo mtu hatakuwa na nauli ya kuyafuata.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia mara anapofikiria kupunguza, atoe nyaraka zinazohusika, kisha mshauriane juu ya sababu, hatua za kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda, na malipo. Hoja yenu ya mafunzo inakaa kwenye "hatua za kuepuka au kupunguza idadi". Mshonaji anayeweza kuhamia ukaguzi wa ubora baada ya kufundishwa wiki mbili ni jina moja linalotoka kwenye orodha. Dai hilo lijadiliwe jina kwa jina kabla hamjagusa malipo. Mkianza na malipo, hakuna atakayerudi kwenye mafunzo.

Msipokubaliana, suala linakwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kwa usuluhishi. Na mtu akiona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kufungua mgogoro kwa fomu CMA F1. Wengi hupotea hapo, wanasubiri "tuone kampuni itasemaje" mpaka siku zinakwisha.

Malipo ya kisheria ni haya: notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo aliyolimbikiza, nauli ya kurudi alikoajiriwa kama aliletwa kutoka mbali, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, ukomo miaka 10. Kwa wiki ya siku 6 za kazi, 300,000 ÷ 26 ni 11,538 kwa siku. Mara 7 ni 80,769 kwa mwaka mmoja. Wa miaka 8 anapata kama 646,000.

Sasa angalia huo ukomo. Wa miaka 10 anapata kama 807,700, na wa miaka 18 anapata hizohizo. Miaka yake 8 ya juu sheria haimlipi chochote, na huyo ndiye mwenye umri mkubwa, anayekataliwa getini kwingine. Ombeni kwamba kwa kila mwaka unaozidi 10 kampuni ichangie kiasi fulani kwenye mfuko wa mafunzo. Ni hoja ambayo afisa utumishi anaweza kuipeleka kwa mkurugenzi bila kuona aibu, tofauti na "tunaomba msaada".

Kuna mtego mmoja mkubwa. Wako waajiri wanaowashawishi watu waandike barua ya kuacha kazi kwa hiari "ili mlipwe haraka". Msikubali. Fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu aliyeacha mwenyewe. Aliyepunguzwa na aliyechangia si chini ya miezi 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwa 300,000 ni 99,900 kwa mwezi, jumla 599,400. Fedha ndogo, lakini ndiyo itakayomweka mtu darasani. Barua ya kila mmoja itamke wazi kwamba amepunguzwa kwa sababu za kiuchumi za mwajiri.

Halafu majina. Mkataba unasema Mwanahamisi, NIDA inasema Mwanaamisi, NSSF wana la tatu. Mwenye shida hiyo aanze kurekebisha leo, akiwa bado na mwajiri wa kumsainia barua. Baada ya siku ya mwisho inakuwa safari za kwenda na kurudi.

---

fedha_kwanza

Mimi nasema ukweli tu: mafunzo wakati uchumi umelala ni kuchelewesha njaa. Mpeni mtu kiinua mgongo chake afungue genge. Vyeti tunavyo kabatini, ajira ziko wapi?

---

Ramani_ya_Ajira

@fedha_kwanza una haki nusu. Kozi iliyochaguliwa kwa sababu chuo kina nafasi, au kwa sababu mfadhili ana kipeperushi chake, huishia kabatini kama unavyosema. Ila hata uchumi ukilala watu wanaendelea kustaafu, kuhama, kuumwa na kufukuzwa, na nafasi zao hujazwa kimyakimya bila tangazo. Kazi ni kuzijua hizo kabla ya kuchagua kozi. Na genge nalo ni soko. Genge la kumi kwenye mtaa mmoja halimlishi mwenye nalo.

Katibu, swali lako la nne ningeliweka la kwanza. Chukua watu wanne wanaoaminika, wagawanye maeneo, waende kwa miguu na daladala. Wasiulize "mna nafasi za kazi?" Jibu la swali hilo ni hapana kila mahali. Waulize hivi: miezi 12 iliyopita mmeajiri wangapi kwa kazi hii? Wangapi waliondoka? Mtu akija getini mnampima kwa kumpa nini afanye? Na cheti gani kikikosekana hamumwangalii kabisa? Swali la tatu lina thamani kuliko yote, kwa kuwa jibu lake ndilo mtaala wenu. Kama karakana inampima fundi kwa kumpa shafti abadilishe beringi na kupanga mkanda, huna haja ya kumfundisha mtu huyo historia ya vyuma.

Kwa Morogoro msitazame mjini tu. Kuna viwanda vya sukari Kilombero, Mtibwa na Mbigiri. Msimu wa kusaga hukatwa na masika, na miezi ile mashine imesimama ndiyo ya kufungua vinu na kuvifanyia matengenezo. Fundi mitambo akipeleka maombi wakati kinu kinasaga anaambiwa arudi. Akipeleka wiki chache kabla ya kusimama, anakuta wanahesabu mikono. Kuna kazi za kuzunguka reli ya SGR, ambayo abiria wake walianza Juni 2024 kati ya Dar na Morogoro: usafi, ulinzi, chakula, usafirishaji wa mzigo mdogo. Kuna shule, ambazo zinavaa sare kila mwaka uchumi uwe juu au chini. Na kuna vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe, ambavyo vina hosteli, majoho, mapazia na mashuka.

Kanuni ninayoitumia: kama mmehesabu kwamba eneo lote liliajiri mafundi 10 wa aina fulani kwa mwaka, msifundishe zaidi ya watano kwa kazi hiyo. Wengine wa nje ya kiwanda chenu nao wanagombania nafasi hizohizo.

Sabuni ya maji naomba iachwe. Kila semina ya ujasiriamali nchini inafundisha sabuni ya maji, matokeo yake mtaani kuna wauzaji kuliko vyombo vya kuosha. Anayetaka kuingia kwenye usindikaji kweli aende SIDO (shirika la viwanda vidogo), aulize mashine, vifungashio na njia ya kufikia alama ya ubora ya TBS, ndipo aamue.

---

Mzee wa Patani

Nijibu swali la pili, la washonaji, kwa kuwa ndipo watu wengi hukosea pande zote mbili.

Mshonaji wa laini mwenye miaka minane ana mkono wa haraka kuliko fundi cherehani yeyote wa sokoni. Lakini mwambie atengeneze shati zima kuanzia kitambaa na utamwona anasita. Kiwandani shati limekatwa vipande vya kazi. Mmoja anabandika mfuko, mwingine anaunga kola, mwingine anaweka mkono, na anayekata hajawahi kukaa kwenye cherehani. Kwa hiyo kumpeleka akaanze ngazi ya kwanza ya VETA na vijana waliomaliza shule ni kumdhalilisha na kumpotezea muda. Lakini kumwacha aende mtaani akajiite fundi bila kufundishwa ni kumuumiza. Akimharibia mteja wa kwanza kitambaa cha kitenge, habari zinafika mtaa mzima.

Njia yake ni urasimishaji wa ujuzi, kile watu wa VETA wanakiita RPL. Mwombaji anajisajili, anawasilisha ushahidi wa kazi zake, anahojiwa na kupimwa kwa vitendo kulingana na viwango vya fani, anaonyeshwa pengo, anafundishwa pengo hilo tu, kisha anapimwa na kupewa cheti. Wengi huanguka kwenye ushahidi, kwa kuwa wanakwenda na barua moja ya mwajiri inayosema "alikuwa mfanyakazi mwenye bidii". Hiyo haimsaidii mpimaji.

Kinachomsaidia kipo ofisini kwenu sasa hivi, na kitapotea laini zikifungwa. Ofisi ya uzalishaji ina karatasi za kila hatua na muda wake wa kawaida, ule wanaouita SMV. Mfano: kubandika mfuko kuna SMV ya dakika 0.6. Saa 8 ni dakika 480, kwa hiyo asilimia 100 ni vipande 800. Aliyetoa 640 ana ufanisi wa asilimia 80. Dai kila mshonaji apewe karatasi moja iliyosainiwa na kupigwa muhuri, ikionyesha: mashine alizotumia (sindano moja, sindano mbili, ovaloki, ya tundu za vifungo), hatua alizofanya, ufanisi wake wa miezi mitatu ya mwisho, na kasoro zilizorudishwa. Ndiyo hiyo ataipeleka kwa mpimaji, na ndiyo hiyo ataionyesha kiwanda kingine.

Pengo lenyewe nalipanga hivi kwa mshonaji wa laini wa kawaida, saa 120, yaani saa 4 kwa siku, siku 5, wiki 6:

Vipimo na patani, saa 40. Hapa pasibanwe. Kupima mwili kwa futikamba, kuchora mgongo, kifua, mkono na kola, kuhamisha dati (mikunjo ya kubana nguo ifuate mwili), kupanua na kupunguza saizi. Kila patani ijaribiwe kwanza kwenye amerikani (kitambaa cha pamba cha bei rahisi) kabla ya kitambaa cha thamani.

Kutandaza na kukata, saa 20. Mwelekeo wa nyuzi, kitambaa chenye maua yanayoangalia upande mmoja, kuloweka pamba kabla ya kukata ili isije kupungua baada ya kufuliwa. Makosa ya mkasi hayashoneki.

Nguo nzima, saa 45: shati, sketi ya marinda, suruali yenye zipu. Mikono yao itakwenda mbio hapa, warekebisheni tabia moja ya kiwandani tu: mshono wa ubavuni wa sentimita 1. Kiwandani ni sawa kwa sababu saizi hazirudi. Mtaani mteja ananenepa. Acha sentimita 2 mpaka 2.5 ubavuni, na pindo la sare ya mtoto lisipungue sentimita 5, mzazi atarudi mwakani kulishusha na atakuletea na mdogo wake.

Kumalizia na bei, saa 15. Wengi hawajawahi kupanga bei maishani mwao. Wafundishwe kuhesabu kitambaa, uzi, vifungo, umeme, muda na kodi ya fremu, kisha waweke faida juu yake. Fundi mgeni hukisia bei kwa kumtazama mteja usoni.

Vifaa: cherehani moja kwa kila mtu, meza moja ya kukatia kwa watu wanne. Darasa la watu 20 lenye cherehani 8 linafundisha watu 8, waliobaki wanatazama.

---

KatibuTawi_Moro

Mzee wa Patani, shikamoo, na asante sana. Hizo karatasi za ufanisi zipo kweli, nimeziona. Nitaziweka kwenye madai ya siku ya kwanza.

Nani anaweza kunijibu la SDL? Na mafundi mitambo nao tuwapeleke wapi?

---

Giaboksi

La SDL nalijibu kwa ufupi. Ni kodi. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi anailipa TRA kila mwezi, na kiwango kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 kuanzia Julai 2023. Sehemu yake huenda VETA. Lakini hakuna akaunti yenye jina la kiwanda chenu kule, huwezi kwenda kuichota. Itumieni kama hoja tu: chukueni jumla ya mishahara ya mwezi, zidisha kwa 3.5 gawanya kwa 100, mkaonyeshe chuo kwamba kiwanda kimechangia mafunzo kiasi hicho miaka yote, mkaombe chuo kije kufundishia kiwandani kwa ada nafuu. Mkuu wa chuo anaweza kusikiliza hilo, hasa mkimpa kundi la watu 20 kwa mpigo na mashine za kufundishia ziko palepale.

Mafunzo ya uanagenzi yanayofadhiliwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu nayo yanalenga vijana. Yafuateni kwa wenye umri huo, ila msimpe matumaini mfumaji wa miaka 47.

Sasa mafundi. Wagawanye makundi matatu, msiwachanganye.

Mafundi mitambo wa mashine za kufuma wanajua kamu, mikanda, beringi ndogo, na wana sikio la kusikia mashine ikianza kuumwa. Sukari na saruji wanataka beringi kubwa, giaboksi, pampu, konveya za mnyororo na kupanga shafti mbili ziwe mstari mmoja. Pengo lao ni vifaa vya kupimia kwa usahihi: mikromita, venia na dayo geji (saa inayoonyesha shafti imepinda au kuhama kiasi gani). Beringi kubwa haipigwi nyundo. Inapashwa moto kwenye hita au mafuta mpaka ipanuke, kama nyuzi 110, wala haipaswi kuzidi 120, kisha inateleza kwenye shafti. Fundi wa kufuma akipewa nyundo ataharibu beringi ya mamilioni siku ya kwanza. Wiki nne za vitendo zinatosha kama anayefundisha ana vifaa. Kama hana dayo geji, tafuteni mwingine.

Mafundi umeme hawana shida ya ujuzi, wana shida ya leseni. Umeme wa kiwandani wameufanya miaka kumi, lakini mtaani bila leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) hawawezi kufunga nyumba ya mtu na kuipitisha TANESCO kihalali. Kwa hawa fedha ya mafunzo iende kwenye kupata cheti kinachokosekana na maombi ya leseni. Msiwarudishe darasani kufundishwa sheria ya Ohm.

Welda ni hadithi nyingine. Cheti cha kuchomelea mageti hakimpitishi kwenye mabomba ya mvuke. Wakandarasi wanampima kwa bomba lililowekwa mkao wa 6G, nyuzi 45, anachomelea mzunguko mzima bila kuligeuza, kisha kipande kinakatwa na kukunjwa au kupigwa picha ya eksirei. Mwelekeze huko mwenye mkono mzuri tayari. Elektrodi zinaisha haraka sana kwenye mazoezi haya, bajeti ikipuuza hilo kozi inakufa wiki ya pili.

---

AthiRiver_254

Salamu kutoka Kenya. Huku kwenye viwanda vya nguo vya EPZ (maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje) tunayajua haya, hasa baada ya AGOA, mpango wa kuuza Marekani bila ushuru, kufika ukomo 30 Septemba 2025 bila kuongezwa kwa wakati. Nawapa tofauti mbili tatu, labda zitawasaidia kwenye meza yenu.

Huku kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka notisi ya mwezi mmoja iende kwa chama na kwa afisa wa leba, na malipo ya kupunguzwa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ukomo wa miaka 10 hakuna. Lakini NSSF yetu haina fao la kukosa ajira kama lenu, kwa hivyo mtu hutumia kiinua mgongo kula, na mafunzo yanabaki ndoto. Hizo 99,900 zenu kwa mwezi msizidharau.

Levi yetu ya mafunzo inakusanywa kwa ajili ya NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na mwajiri anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama za kufundisha. Wengi hukosa kwa sababu wanafundisha kwanza na kuomba baadaye, ilhali idhini hutakiwa kabla.

Cheti cha mtu aliyejifunzia kazini huku ni greditesti ya NITA, kuanzia Gredi III kupanda hadi I, kuna karatasi ya kuandika na kuna vitendo. Alichosema Mzee wa Patani ndicho hutuangusha. Opereta wa laini anafaulu mshono na kuanguka kwenye kukata na kuchora. Na karatasi ya kuandika huwaogofya walioacha shule mapema, ingawa majibu wanayajua kwa mdomo. Wiki moja ya kufanyia mazoezi maswali yaliyopita, wakisomewa kwa sauti, hubadilisha matokeo kabisa.

---

mama_ovaloki

Naongeza yanayosahaulika kwenye bajeti, halafu mtasema akina mama hawana nia.

Anayeacha kozi mara nyingi anaacha kwa nauli. Daladala kwenda na kurudi, chakula cha mchana, na mtoto wa kumwachia jirani ambaye naye anataka chochote. Ada ikilipwa yote na nauli isilipwe, darasa la 20 linabaki 11 wiki ya tatu. Wekeni posho ya nauli, ilipwe kwa wiki kwa waliohudhuria. Ukilipa mwanzoni yote, inakwenda kwenye ada ya shule ya mtoto, na huwezi kumlaumu mama.

Darasa lianze saa 3 asubuhi liishe saa 7 mchana. Jioni wengi wana biashara ndogo zinazowalisha.

Na lianze lini? Ndani ya zile siku 28 za notisi. Ombeni kampuni iwaachie saa 4 kwa siku waingie mafunzo hapohapo kiwandani wakiwa bado kwenye mshahara. Laini zilizofungwa zina mashine zimekaa bure. Ukisubiri mpaka mwezi wa pili baada ya kuondoka, nusu ya watu watakuwa wamerudi Kilosa na Gairo na hutawapata kwenye simu.

Mtakapogawa kozi, kila mtu awe na mstari wake kwenye daftari moja: idara, mashine anazoziweza, elimu, umri, miezi ya NSSF. Huo wa mwisho ni muhimu kwa waliokaribia uzee. Pensheni inataka miezi 180 ya michango. Mwenye miezi 165 na umri wa miaka 53 hamhitaji kumfanya fundi wa kitu kipya. Anahitaji kazi yoyote yenye mchango wa NSSF kwa miezi 15, hata ya usafi. Akaulize NSSF mapema namna ya kuendelea kuchangia mwenyewe akikosa mwajiri.

---

KatibuTawi_Moro

Mmenifungua macho. Hilo la kuanzia ndani ya notisi nadhani uongozi utalikubali, mashine kweli zimekaa.

Swali la mwisho. Kuna washonaji 14 wanataka kujiunga vikundi vya sare za shule. Tunafikiria kuomba kampuni iwape mashine za laini iliyofungwa badala ya sehemu ya malipo ya ziada. Ni busara?

---

Mzee wa Patani

Marahaba. Ni busara kwa malipo ya ziada tu. Kiinua mgongo cha kisheria kilipwe fedha taslimu, kisibadilishwe kuwa chuma.

Kundi la watu 6 au 7 linahitaji mashine 4 za sindano moja na ovaloki 1. Bila ovaloki msichukue, kwa kuwa sare bila kingo zilizozungushwa hairudi kwa mteja mara ya pili. Mashine ya tundu za vifungo msichukue, ni ghali kuitunza na hufanya kazi ya siku nzima kwa nusu saa. Pelekeni nguo kwa mwenye nayo, mlipe kwa tundu.

Kabla ya kusaini pokezi, soma kibandiko cha mota. Za kiwandani nyingi ni za fezi tatu, na fremu ya mtaani ina fezi moja. Mota hiyo haitazunguka pale bila kubadilishwa. Ukibadilisha, weka mota ya servo ya fezi moja, kama wati 550. Ile ya zamani ya klachi inazunguka na kula umeme muda wote hata kama hujakanyaga pedali, LUKU itawamaliza. Servo inakula unaposhona tu. Gharama ya mota iingie kwenye makubaliano, ama kampuni iibadilishe kabla ya kukabidhi. Shona kila mashine kwa dakika kumi kwenye amerikani iliyokunjwa mara mbili, kisha mara nne. Ikiruka mshono kwenye tabaka nne, ndoano imekwisha. Fungua sinia ya mafuta chini: mafuta meusi yenye chembe za chuma maana yake iacheni hapo. Na mdai hati ya umiliki yenye namba ya kila mashine, msije kusimamishwa getini siku ya kuzitoa.

Kuhusu mtaji wa vitambaa, mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri haina riba na hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Sajilini vikundi sasa, kila kikundi kiwe na akaunti na katiba. Sare zinauzwa kuanzia Novemba hadi Januari shule zikifungua, kwa hiyo kitambaa kinatakiwa kiwe ndani Oktoba. Mkopo ukitoka Februari mtakaa nao mwaka mzima mkiurejesha bila mauzo. Ukichelewa hivyo, ombeni kuupokea msimu unaofuata.

---

SheriaKazi

Makubaliano yote hayo, mashine, nauli, saa za mafunzo ndani ya notisi, karatasi za ufanisi, na nani ataitwa kwanza oda zikirudi na kwa muda gani, yaandikwe kwenye mkataba mmoja wa kupunguza wafanyakazi kati ya chama na mwajiri, usainiwe pande zote, nakala ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi. Weka tarehe kwenye kila kipengele. "Kampuni itasaidia mafunzo" bila tarehe wala kiasi hakuna msuluhishi atakayeweza kukusaidia nacho.